Mashine Isiyo na Feni

8 Februari

Shangazi,

Kabla hata ya shikamoo, acha nilitoe hili moyoni kabla halijarudi ndani: zile nyimbo za Kaka si za Kaka. Ni zangu. Zote, hata ule unaoanza na mlio wa kijiko ndani ya glasi, ule uliosema umeusikia saluni. Sijawahi kumwambia mtu yeyote. Hapa nilipo napima kila neno utadhani naandika wosia.

Sasa shikamoo.

Huku hatujambo. Baba bado anatengeneza lifti za watu. Anasema yeye amepaa mara nyingi kuliko rubani, ila hajawahi kupewa soda njiani. Mama amepata kazi ya mapazia ya ukumbi mzima, sebule imejaa vitambaa vizito mpaka tunakula tumepakata sahani. Kaka mzima wa afya. Mtaani wanamwita Nyundo, na anaitika kama ndilo jina alilozaliwa nalo.

Ilianza hivi. Ile laptop kuukuu aliyopewa Baba kazini walipobadilisha vifaa, niliihamishia kabatini kwangu. Kuta za kabati nimezipigilia mabaki ya mapazia ya Mama, sauti haitoki wala haiingii. Humo ndimo ninamotengenezea muziki, nimekunja magoti, maiki iko usoni. Siku moja Kaka akafungua kabati akitafuta mkanda wake. Akasikia. Akacheka. Akasikiliza tena, akaacha kucheka. Akaomba aende na wimbo ule kwenye sherehe ya rafiki yake. Walipomuuliza kama ni wake, hakusema ndiyo, alitabasamu tu. Na mimi nilipoambiwa sikukasirika. Nilifurahi, Shangazi. Wimbo umetoka nje bila mimi kutoka nje. Unanijua: shuleni tunafundishwa kwa lugha mbili, na mimi nanyamaza kwa zote mbili, jina la Kimya sikupewa bure.

Ila sasa mambo yamepita kimo changu. Katikati ya Mei kuna shindano la wanamuziki vijana, na Nyundo amepita mchujo. Laptop kuukuu nayo imekata roho. Ilizimika ikiwa magotini kwangu, ikatoa harufu ya waya ulioungua. Baba amesema atanunua moja nzuri, "kijana wa watu asituaibishe jukwaani," na Kaka ndiye achague. Kaka akaja chumbani kwangu akafunga mlango.

"Kimya, niambie ninunue ipi. Mimi zile namba zinanichanganya."

Hata mimi zinanichanganya. Wewe ndiye fundi sauti, unazunguka na kikundi chako mwaka mzima, umeona mashine za kila aina zikifaulu na zikifa. Memori kiasi gani? Memori ndiyo muhimu au prosesa? Nyembamba au nene? Nakuandikia barua kwa sababu simu ya nyumbani ni ya wote, ujumbe ukiingia unasomwa mezani kwa sauti. Na ukinipigia nitajibu "ndiyo" na "hapana" mpaka salio likuishie.

Tafadhali usimwambie Baba. Najua ni kaka yako, ndiyo maana naomba.

Mwanao,
Kimya


3 Machi

Kimya wangu,

Marahaba. Barua yako imenifukuza mji hadi mji. Kila ukumbi walipoipokea waliipeleka mbele, na sisi tumeshaondoka. Imenipata leo, imekunjamana kama mimi.

Kikundi hakijambo. Mwigizaji wetu mkuu amekaukiwa na sauti, kwa hiyo ananong'ona na mimi namkuza kwa mitambo; watu wanamsifu eti siku hizi anaigiza kwa hisia. Naandika nimekalia boksi la spika. Mlinzi wa ukumbi kapita, kauliza, "Mama Waya, barua ya nani hiyo?" Nikamwambia namwandikia mtu anayekaa kabatini. Ameondoka akitikisa kichwa.

Ulichoniambia nimekisoma, nikaikunja barua, nikaikunjua tena. Sitajifanya nimeshangaa. Kaka yako tangu utoto hajawahi kumaliza jambo linalohitaji kukaa chini. Kwa baba yako mdomo wangu umeshonwa, lakini ujue uzi ni wako.

Haya, mashine. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Wahenga hawakuwahi kupiga muziki jukwaani. Memori usikubali chini ya gigabaiti kumi na sita, na uulize kama inaongezeka au imechomelewa kabisa kwenye ubao; ikiwa imechomelewa, uliyonunua nayo ndiyo utakayozikwa nayo. Diski iwe ile isiyozunguka. Matundu ya kuchomekea yatoshe kadi ya sauti, kibodi ya muziki na chaji, bila kuning'iniza viunganishi kama hereni. Taa za rangi chini ya vitufe ni za kumbembeleza mtoto. Na prosesa iwe na nguvu ya kuendelea, siyo ya kuanza tu. Zipo zinazotoka mbio kama mwizi, baada ya muda mfupi unazikuta zinatembea.

Lakini jambo kubwa kwenu ni feni. Zipo laptop nyembamba zisizo na feni kabisa, hazitoi hata pumzi. Kwa kurekodi kabatini hakuna raha kama hiyo, maiki haisikii ila wewe. Ila isiyo na feni ikipata joto haina pa kulitolea. Inapunguza kasi ili isijiunguze, na hapo sauti inaanza kukatika. Zile nene zenye feni zinavuma kama mzinga wa nyuki. Kabatini utazichukia, jukwaani zitakubeba. Mashine ya kutengenezea muziki na mashine ya kuupigia mbele za watu si lazima iwe moja, na baba yako ananunua moja.

Kwa hiyo sikwambii ipi. Nakuuliza: nani atakayekaa mbele yake? Barua yako ni ndefu, na hilo hukuliandika.

Shangazi yako,
Waya


25 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nyumbani wote wazima. Mama kamaliza mapazia, sebule imerudi kuwa na sakafu. Baba alikwama ndani ya lifti aliyokuwa anaitengeneza. Wapangaji wakampigia fundi wa lifti, simu ikaita mfukoni mwake humohumo ndani.

Barua yako imefika jana. Laptop iliiwahi, imefika wiki iliyopita.

Tulikwenda dukani watatu: Baba mbele, Kaka katikati, mimi nyuma. Muuzaji ni dada mmoja mwenye miwani, anaongea haraka, na kila jibu alimpa Kaka. Nikawa namnong'oneza Kaka maswali niliyookota magazetini, Kaka anauliza.

"Memori yake inaongezeka?"

"Hii inaongezeka, ile hapana."

Nikanong'ona tena. Kaka akauliza, "Na feni, zina kelele?"

"Kumbe kaka unavijua vitu!" akasema muuzaji, na Baba akanyoosha shingo kwa fahari. "Na dada hapo nyuma anasemaje?"

"Ananikumbusha tupitie mkate," Kaka akasema.

Zilizofaa zilikuwa mbili. Moja nene, nyeusi, ina matundu kila upande kama filimbi. Walipoipa kazi ikaanza kuvuma. Ya pili nyembamba, rangi ya fedha, haina feni. Kwa mdomo wa Kaka nikaomba waifungulie programu nzito, kisha nikainama nikaweka sikio juu ya vitufe. Nilisikia duka zima, nilisikia Baba akitafuna njiti ya meno, lakini mashine sikuisikia. Nikanong'ona: "Hii."

Sasa nikuambie ambalo sikumwambia Kaka. Nilijua ni ya kabatini. Nilijua anayepanda jukwaani ni yeye, na nikachagua ya kwangu. Habari ya joto nimeijua jana kwenye barua yako, lakini sitajificha nyuma ya posta. Baba alipokuwa analipa nilijisikia kama nachukua kitu mfukoni mwa mtu, naye ananishikia mfuko.

Na tangu ije, Shangazi, nimetengeneza wimbo ambao mwenyewe nausikiliza nikiuogopa. Nimeimba, kwa mara ya kwanza. Kwa pumzi tu, kama mtu anayeongea na mto wake. Kaka kausikiliza hadi mwisho, kitu asichofanyaga, kisha akasema, "Huu ndio tutakaopiga. Wakiniuliza ile sauti, nitasema kuna msichana nilimwalika."

Nilisema sawa. Alipokwisha kufunga mlango ndipo nikagundua nimeshika pembe ya kabati mpaka kucha zimeingia kwenye mbao.

Swali lako la nani atakaa mbele yake bado nalifikiria. Na mimi nina langu. Juzi Baba akinywa chai alisema wewe ulikuwa unaimba, kwamba watu walikuwa wanasimama vizingitini kukusikiliza. Kisha akabadilisha mazungumzo. Kwa nini uliacha?

Mwanao,
Kimya


14 Aprili

Kimya,

Marahaba. Hatujambo kwa kiasi chake. Basi letu liliharibika kwenye mvua na nusu ya spika zimelowa. Mwigizaji sauti imemrudia, uigizaji umemtoka.

Nijibu upesi: shindano ni ndani au nje? Meza itakaa kivulini? Kama ni nje na ni mchana, mtakuwa mmepanda na kikaango.

Ufanye hivi. Ala zote ambazo prosesa inazipiga yenyewe papo hapo, zigeuze mapema ziwe sauti zilizokwisha rekodiwa, uziweke kwenye nakala ya peke yake. Hapo mashine itakuwa inacheza tu, haihangaiki kufikiri. Pili, kwenye mipangilio pana sehemu ya kuamua mashine ikusanye sauti kiasi gani kabla ya kuitoa. Ongeza. Vitufe vitachelewa kidogo kujibu, lakini sauti haitakatika. Tatu, meza ikae nyuma kabisa chini ya turubai, hata wakikuambia nini. Na umfundishe kaka yako haya yote. Yote. Akishindwa kujifunza, basi hilo nalo ni jibu.

Hukuchukua kitu mfukoni mwa mtu. Umechagua kama mwenye kazi anavyochagua. Tatizo ni kwamba mwenye kazi hayupo kwenye tangazo, na kaka yako amevikwa kilemba cha ukoka mchana kweupe.

Kuhusu swali lako la mwisho, ukurasa umeisha.

Waya


19 Mei

Shangazi, shikamoo.

Kwanza, ukurasa haukuwa umeisha. Nusu nzima ilikuwa nyeupe.

Pili, wote tuko salama, ingawa ndani ya nyumba tunapita kama watu waliomwaga maji wakasingiziana.

Barua yako ilifika shindano likiwa mlangoni. Lilikuwa nje, uwanja wa michezo, mchana. Niliandaa ile nakala nyepesi kama ulivyosema. Nilimfundisha Kaka, alijua kitufe kipi aanze nacho na kipi amalizie, mengine akasema, "Hayo ni ya kwako, mimi nitachangamsha watu." Na kweli anachangamsha. Hilo simnyimi.

Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda. Mshereheshaji akaivuta meza mpaka mbele. "Watu wamekuja kumwona, hawajaja kumtafuta!" Turubai likabaki nyuma na jua likabaki juu ya laptop. Wimbo ulikwenda vizuri kutoka mwanzo hadi mwisho. Watu walirukaruka. Baba alisimama juu ya kiti, Mama akamvuta shati.

Kisha jaji aliyekaa katikati, mama mmoja mtaratibu, akachukua maiki. "Safi sana. Sasa tubadilishie. Wimbo huohuo, uende polepole, utoe ngoma zote, utuachie sauti. Hapahapa. Tujue ni wako."

Hatukujua kama wanafanya hivyo. Nakala nyepesi haibadiliki namna ile. Nilimwona Kaka akikodolea kioo, akainamia, akafungua nakala nzito. Mashine ilikuwa imeokwa vya kutosha. Ilijaribu, maskini. Sauti ikaanza kukatika, kama mtu anayeongea huku anatafuna mchanga. Mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Nyundo imechomoka kwenye mpini!" Kicheko kikazunguka uwanja mzima. Kaka akabonyeza hiki, akabonyeza kile. Kisha akatafuta kwa macho. Hakumtazama Baba, hakuwatazama rafiki zake. Alinitazama mimi.

Ngazi sizikumbuki. Nakumbuka mbao zikilia chini ya viatu vyangu vya shule, na mimi najiambia usiwatazame, usiwatazame. Nilipiga magoti nyuma ya meza, nikaishusha laptop chini yake, kivulini. Iliniunguza vidole.

"Fanya kitu," Kaka akanong'ona bila kusogeza midomo. "Wananila mzima mzima."

"Waambie kitu. Wachekeshe."

"Nichekeshe nini? Mimi ndiye kichekesho!"

Nikazima mwangwi na madoido yote yanayokula nguvu, nikaongeza ile akiba ya sauti uliyoniandikia, halafu nikangoja ipoe. Kungoja ndiko kulikoniua. Niko chini ya meza naipepea laptop kwa ukingo wa sketi kama mtu anayewasha jiko la mkaa. Ilipopoa kidogo nikaupunguza wimbo mwendo, nikatoa ngoma moja baada ya nyingine, nikaiacha sauti peke yake.

Sauti yangu, Shangazi. Ilitoka kwenye spika kubwa kuliko kabati langu. Watu walisikiliza. Hata yule wa mpini alisikiliza. Na juu yangu Kaka alikuwa anapiga kibodi yake ya muziki kwa mbwembwe zote, na waya wake nilishauchomoa.

Uwanja ukalipuka. Mshereheshaji akainama chini ya meza. "Jamani, na huyu aliyejificha huku ni nani?"

Kaka akasema, "Ni fundi wangu."

Wakacheka, wakanipigia makofi ya kumpigia fundi. Nilishuka ngazi nikaenda kukaa karibu na mapipa ya taka mpaka watu wakapungua.

Tumeingia fainali. Ni mwisho wa Juni, ndani ya ukumbi, ila wamesema taa za jukwaa ni kali kuliko jua.

Nyumbani Baba akaishika laptop kwa mgongo wa mkono, kama anavyoshika mota ya lifti. "Hii bado ina homa," akasema. "Aliyechagua hakujua inakwenda kufanya kazi gani."

"Kimya ndiye aliyenishauri," Kaka akasema.

Baba akanigeukia. "Na wewe ukamchagulia mwenzako kitu usichokijua?"

Nilikuwa na jibu zima mdomoni, limeiva. Nikalimeza. Mama hakumtazama Kaka hata kidogo, alikuwa ananitazama mimi, na sindano imesimama mkononi mwake.

Yule muuzaji amekubali tuibadilishe. Baba kasema mwenye mashine afikirie anataka ipi, watakwenda pamoja. Tukichukua yenye feni, kabati langu limekufa. Tukibaki na hii, Kaka anaungulia fainali. Nifanyeje? Na usiniambie ukurasa umeisha.

Kimya


2 Juni

Kimya mwanangu,

Marahaba. Nina mafua, kikundi kina njaa ya makofi, mengine yote salama.

Pale pa kupepea kwa sketi nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akachungulia. Nilipofika kwenye "fundi wangu" niliweka barua chini, nikaenda kukunja nyaya ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Chukua yenye feni. Na usiiingize kabatini. Iweke mezani sebuleni, nunua waya mrefu wa maiki, uupitishe chini ya mlango mpaka ndani ya kabati. Maiki itakuwa na wewe, feni itavuma huko iliko. Hata kwenye studio kubwa ni hivyohivyo, mashine chumba chake na mwimbaji chumba chake. Lakini ujue unachokichagua. Mashine ikiwa sebuleni inaandika sauti, na waya umetambaa hadi chumbani kwako, hata mgeni aliyekuja kuomba maji ataufuata kwa macho.

Kwa baba yako siendi. Nikimwambia mimi, utakuwa umbea wa dada mtu, ataupuuza mpaka Krismasi. Hili lina mdomo wake, nao ni wako.

Umeuliza kwa nini niliacha kuimba. Hapakuwa na siku ya kuacha. Nilianza kuwasaidia wenzangu na vifaa vyao, wakanisifu, nikaona nyuma ya meza ya mitambo kuna giza zuri: unawaona wote, hakuna anayekuona. Hata sasa, nikipima maiki kabla milango haijafunguliwa, naimba mstari mmoja kwenye ukumbi mtupu. Wafagiaji husimama na mifagio yao. Kisha nasema, "Sawa, inafanya kazi," naizima. Usidhani nalalamika. Giza limenilea vizuri. Ila usiniulize tena.

Waya


13 Juni, asubuhi

Shangazi, shikamoo.

Salamu zitakuwa fupi, muda nao ni mfupi. Mama yuko kwenye cherehani, namsikia. Baba anakunywa chai amesimama, maana leo tunakwenda dukani. Au wanakwenda. Ndilo jambo lenyewe.

Jana jioni Kaka alikuja akakaa sakafuni, mgongo kwenye kabati.

"Kesho nenda nao wewe," akasema. "Mimi nitasema tumbo linaniuma. Utamnong'oneza Baba."

"Baba hanong'onezwi."

Akaegemeza kisogo kabatini. "Fainali watataka tena nibadilishe, sivyo?"

"Watataka."

"Na huwezi kukaa tena chini ya meza."

"Siwezi."

"Unajua, siku ile hata ungenipa mashine ya kwenda mwezini ningekwama. Sikujua wimbo unaanzia wapi." Akavuta uzi kwenye zulia. "Lakini ukisema sasa, mimi mtaani nitapitia wapi? Wataniita Nyundo ya Kuazima."

"Wewe ndiye unayewainua watu vitini. Hilo mimi siliwezi hata kwa dawa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tupande wawili."

"Halafu nani atakuwa fundi wa nani?"

Nikampa jibu nililokuwa nalo. "Nyimbo ni zangu, Kaka. Wewe zipigie kelele unavyotaka, lakini ni zangu."

Akauachia uzi wa zulia, akainuka. Sijui alikasirika au alichoka. Alipotoka aliufunga mlango polepole, yeye anayefunga milango kama anaiadhibu. Hakusema atafanya nini leo.

Mimi nimeshaamua ipi. Ile nyeusi, inayovuma. Na waya mrefu. Urefu wake nimeupima kwa futi ya Mama, kutoka meza ya sebuleni mpaka kwenye maiki, na Mama akanishikia ncha ya pili bila kuuliza ninapima nini. Nimeshavaa viatu. Boksi la laptop liko hapa mezani, kiwiko changu kimeliegemea ninavyoandika.

Baba anaita sasa hivi kutoka sebuleni. "Mwenye mashine! Ajitokeze tutoke!"

Nyayo zake ziko kwenye korido. Mlango wa Kaka unatangulia wangu. Amegonga. "Nyundo! Amka bwana, duka litajaa watu." Kaka yuko macho, nasikia kitanda chake kinalia. Hajibu.

Amegonga tena.

Shangazi, nimeita. Kalamu inaruka mistari, samahani kwa mwandiko. Nimesema, "Baba, si hapo. Ni huku." Kwa sauti. Cherehani ya Mama imesimama.

Nyayo zimegeuka. Zinakuja. Mkono umeshaifunika barua, umeikunja nusu kuitia chini ya boksi, na mimi nimeurudisha. Nimeikunjua. Naiacha hapa hapa, wazi, na kalamu juu ya—